Jini liko wapi? Jioni 4 na riwaya ya Peponi

Kijana wa duka la simu aliweka kitabu kifudifudi juu ya mkeka akauliza, "Sasa jini lenyewe liko wapi?" Ilikuwa jioni yetu ya pili. Hakuuliza kwa kejeli. Aliuliza kama mtu aliyeitwa kula pilau, akaketi, akangoja, na harufu ya bizari haijamfikia. Swali lile lilinikaa moyoni wiki nzima, kwa sababu mwaliko niliuandika mimi.

Sisi ni wasomaji 11. Tunakutana barazani kwangu hapa Tanga kila Alhamisi baada ya Isha. Nakala tulizokuwa nazo ni 4 tu, kwa hiyo tunasoma kwa sauti, kwa zamu, na mwisho wa jioni wanaotaka kurudia wanaondoka na nakala mpaka wiki inayofuata. Katika mwaliko nilisema tutasoma "riwaya ya kihistoria ya pwani yetu, yenye majini, ngano za kale na mambo ya ajabu." Neno la uongo halimo. Hata hivyo sentensi hiyo ndiyo iliyotutia kombo.

Tena kichwa cha kitabu chenyewe kilichangia. Kwa Kiingereza, lugha ambayo Abdulrazak Gurnah aliiandikia mwaka 1994, jina la riwaya, Paradise, lina maana moja tu, ile bustani ya waja wema. Ida Hadjivayanis alipoitafsiri, na Mkuki na Nyota wakaitoa Dar es Salaam mwaka 2022, ikawa Peponi, na neno pepo kwetu lina nyuso mbili. Kuna pepo tunayoiomba na kuna pepo anayepungwa kwa ngoma na ubani. Kijana wetu, kabla hajafungua ukurasa wa kwanza, alishaamua ni ipi. Alidhani anakwenda kwenye makazi ya mapepo.

Kwa asiyekijua kitabu, nitasema kwa ufupi. Ni enzi ya Mjerumani, miaka michache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Yusuf ana miaka 12, baba yake anaendesha hoteli katika mji mdogo wa Kawa, uliokuzwa na reli. Tajiri mmoja, Aziz, hupita pale na misafara yake, na kila akiondoka humwachia mtoto sarafu ya anna kumi. Safari moja anaondoka na mtoto mwenyewe. Wazazi hawamwambii kwa nini. Anafikishwa kwenye duka la Aziz pwani, na huko kijana mwenzake, Khalil, ndiye anayemfungua macho: huyu si jamaa yako, baba yako ana deni, na wewe ni rehani. Nyuma ya duka kuna nyumba, na ndani ya ukuta wa nyumba kuna bustani yenye maji na miti ya matunda, na vioo vimetundikwa mitini. Baadaye Yusuf anapelekwa bara na msafara, unafika ng'ambo ya ziwa, unanyang'anywa mali na mtawala aitwaye Chatu, unarudi umekonda. Hayo ndiyo mifupa. Nyama ya kitabu ni hadithi ambazo watu hawa wanasimuliana usiku.

Na hadithi ni nyingi kweli. Kuna Yajuju na Majuju na ukuta wa Dhulkarnaini. Kuna Wazungu wanaosemwa kwa namna ambayo sisi tungewasema mashetani, hata kuna wanaouliza kama ni kweli Mzungu anakula chuma. Kuna mke mkubwa wa tajiri, Zulekha, mwenye baka usoni, anayeamini kwamba Yusuf akimsomea dua na kumgusa, baka litaondoka. Hakuna hata mara moja jini linapotokea likasimama mbele ya msomaji. Hilo ndilo lililomchosha kijana, na hakuwa peke yake. Wawili wengine walikiri walikuwa wakirukaruka kurasa wakitafuta "pale mambo yanapoanza".

Nimefikiri sana kwa nini wasomaji hawa, ambao si wavivu, walikwama pale. Jibu langu ni kwamba tumelelewa na aina mbili za hadithi. Ya kwanza ni ya bibi: zimwi ni zimwi, lina mkia na njaa, na Sultani Majnuni akipotelewa na tende zake kila mwaka kweli kuna ndege anayezila. Ya pili tuliipata shuleni kwa Mohamed Said Abdulla. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu cha mwaka 1960, wanakijiji wanaogopa mzimu, halafu mpelelezi Bwana Msa anakuja na kiko chake, anauliza maswali, na mwisho tunajua mkono wa binadamu uko wapi. Ama zimwi lipo, ama linafichuliwa. Msomaji wa Kiswahili anajua kustarehe na mojawapo. Peponi haimpi lolote kati ya hayo. Hadithi za kutisha zinasimuliwa, hazithibitishwi wala hazikanushwi, na taa inazimwa watu walale. Mtu anabaki nazo kifuani. Mimi naona hapo ndipo ufundi wa Gurnah ulipo, lakini nilikuwa nimewaahidi wenzangu kitu kingine, na msomaji aliyeahidiwa kitu kingine ana haki ya kulalamika.

Malalamiko ya Mwalimu yalikuwa ya namna nyingine. Mwalimu amefundisha historia miaka mingi, amestaafu, na kwake riwaya ya kihistoria bila tarehe ni kama barua bila anwani. Alitaka kujua ni mwaka gani hasa Yusuf anapanda treni. Alituhesabia mwenyewe: reli ilianza kujengwa kutoka hapa Tanga mwaka 1893, ikafika Moshi 1911, ile ya kati ilianza Dar es Salaam 1905 na kufika Kigoma 1914. Tena akauliza swali zito zaidi. Kama mwandishi anataka uganga katika historia ya enzi ya Mjerumani, mbona hakuna Maji Maji? Kinjeketile wa Ngarambe aliwapa watu maji wakaamini risasi zitageuka maji. Wakapigana tangu 1905 hadi 1907, na maelfu kwa maelfu wakafa, wengi zaidi kwa njaa iliyofuata. "Huo ndio uganga uliopimwa," alisema Mwalimu. "Humu ndani hakuna unaopimwa." Mmoja akamjibu kwamba Maji Maji ilikuwa kusini na msafara wa Aziz unakwenda magharibi. Mwalimu hakuridhika, na hadi leo hajaridhika. Nasema wazi kwamba katika hili namuelewa lakini siko naye. Watoto kama Yusuf hawaishi ndani ya tarehe. Wanaishi ndani ya yale wanayosikia wakubwa wakinong'ona.

Ustadhi alitushangaza. Nilitarajia ndiye atakayechukizwa na mambo ya pepo, lakini hayo aliyapita kimya. Kilichomsumbua ni kisa cha Nabii Yusuf. Kwenye Sura ya 12 ya Qur'ani mke wa mwenyeji anamtaka Yusuf, anamshika kanzu, kanzu inachanika kwa nyuma, na mchaniko huo ndio ushahidi unaomtakasa. Gurnah amechukua jina la Zulekha, amechukua na mchaniko wa nyuma. Ustadhi alituwekea pembeni mambo mawili kwa upole kabisa: Nabii anatolewa kisimani na kutolewa gerezani, na mwisho anakaa juu ya ghala za Misri na kuwasamehe nduguze. Yusuf wa riwaya anajulikana hana kosa, na bado hayuko huru, maana rehani ni rehani. Mwisho wa kitabu anawakimbilia askari wa Mjerumani kwa miguu yake mwenyewe. "Amechukua kisa cha faraja akakitoa faraja," alisema Ustadhi. Hakulisema kwa hasira. Kilichosikika ni huzuni. Nadhani amesoma vizuri kuliko sisi wote, kwa sababu alikwenda na kipimo alichokuwa nacho moyoni, akaona kisa kilipopunguzwa na kimepunguzwa kiasi gani.

Sasa nije kwenye jioni ya tatu, iliyogeuza mambo.

Zamu ya kusoma ilikuwa ya dada mmoja mzaliwa wa Kigoma, anafanya kazi bandarini. Alisoma vizuri, sauti yake ni nzito kidogo, mpaka akafika mahali ambapo watu wa msafara wanawasema watu wa bara. Neno washenzi lilikuwa limepita mdomoni mwake mara kadhaa jioni ile. Safari hii alilifikia akanyamaza. Akafunga kitabu kidole kikiwa ndani ya ukurasa. Akasema, "Hawa wanaotishiwa watoto ni babu zangu."

Pale barazani wengi wetu ni watu wa pwani. Hakuna aliyesema kitu. Kahawa ilikuwa imeshamiminwa na ikapoa.

Mama Mkunga, ambaye amezalisha nusu ya mtaa wetu, ndiye aliyemuuliza, "Na kwenu, mwanangu, walikuwa wakisema nini juu yetu?" Yule dada akacheka kidogo, kisha akaeleza. Bibi yake alikuwa akisema kwamba wanaopelekwa pwani wanaliwa. Ndiyo maana hawarudi. Mtoto akikataa kuteka maji jioni alikuwa akiambiwa watu wa pwani watakuja na ngoma zao, wamnenepeshe.

Hapo ndipo nilipoelewa tulichokuwa tunakosa. Tulikuwa tukisoma ngano za kitabu kama mapambo, rangi ya zamani iliyopakwa ukutani ili hali ya hewa ya riwaya ipendeze. Kumbe kila ngano ina upande ilikotoka na upande inakoelekea. Msafara unahitaji bara liwe na mazimwi, kwa sababu ukiisha kusema mbele kuna mazimwi, bei ya pembe utakayoipanga na mtu utakayemchukua haviulizwi tena. Na waliobaki nyumbani wakingoja waliochukuliwa nao wakatunga zimwi lao, kwa sababu biashara ile iliwameza watu kweli na hakuna aliyekuja kuwaeleza. Tunalo neno kwa jambo hili hapa pwani: mumiani. Wakubwa wetu wote wanamkumbuka mumiani, mnyonya damu wa kwenye magari na hospitalini wakati wa ukoloni. Hakuna aliyewahi kumshika, lakini kila mtu alijua ni nani aliyekuwa na gari.

Mtu anaweza kudhani nampa Gurnah zaidi ya alichoandika, kwa hiyo nitaje jambo ambalo Mwalimu mwenyewe alitusaidia nalo. Kisa cha Chatu hakikutoka hewani. Mwaka 1901 Mjerumani Carl Velten alichapisha Safari za Wasuaheli, masimulizi ya Waswahili wenyewe kwa Kiswahili chao. Ndani yake kuna Selemani bin Mwenye Chande na safari yake ya bara, na humo mna mtawala aitwaye Chata anayeupokonya msafara mali. Kutoka Chata hadi Chatu ni herufi moja, ila hiyo herufi moja imemfanya mtu kuwa nyoka. Katika riwaya, kabla hatujafika kwake tumeshamwogopa kwa jina. Halafu tunafika, naye anaongea, na anasema jambo la kawaida kabisa: mfanyabiashara mwingine wa kwenu alipita hapa akatudhulumu, nanyi mtalipa. Nilisoma ukurasa huo tena kwa sauti jioni ileile. Yule nyoka ni mtu mwenye dai.

Dada wa Kigoma alisema hilo ni zuri, lakini halimtoshi. Chatu anapewa kurasa chache, na kitabu kizima kinatembea na watu wa pwani. Ni kweli. Mwandishi amezaliwa Unguja, na kitabu kinatazama kutoka barazani kuelekea bara. Sioni haja ya kumtetea kwa hilo. Msomaji mwenye maumivu hayo hajakosea kusoma, na kama kikundi kizima cha watu wa pwani kingekisoma bila yeye kuwepo, tungekisifu kwa "hali yake ya kale inayovutia" tukaenda kulala.

Mama Mkunga naye alikuwa na lake, na lilikuwa la vioo. Sisi wengine tuliviona vile vioo vya bustanini kama urembo, au kama ufundi wa mwandishi. Yeye hakuvipenda tangu mwanzo. Alisema kwao radi ikianza, bibi yake alikuwa akizunguka nyumba nzima akifunika vioo kwa kanga, na nyumba yenye msiba kioo hugeuzwa ukutani. Kioo kilichoachwa wazi nje, mchana na usiku, kwake hakiwezi kuwa pambo. Kinaita kitu. Na alipofika mahali tunapojua kwamba mwanamke mwenye baka anamtazama mtoto kupitia vioo hivyo akiwa amejificha, alipiga paja akasema, "Nilijua!" Hakuna mchambuzi aliyemfundisha. Alikuwa na bibi yake tu na kanga zake. Kuhusu ule mguso wa dua, alisema jambo ambalo nimeliandika kwenye daftari: mwanamke yule hakutaka uchawi, alitaka kusomewa, na kusomewa ni jambo la watu wazima na heshima, ila yeye alimtaka mtoto ambaye hawezi kukataa kwa sababu amewekwa rehani ndani ya nyumba yake. Ubaya haupo kwenye dua. Upo kwenye deni.

Baada ya hapo nilirudi kwenye swali la kijana, na jioni ya nne nilimwomba yeye mwenyewe asome sehemu aliyokuwa ameipita haraka, ile ya mwanzoni kabisa pale dukani. Yusuf na Khalil wanalala nje, kwenye baraza ya duka. Usiku mbwa wanazunguka gizani. Yusuf anaogopa mbwa kupita kiasi, wanamwingia hadi ndotoni. Khalil, badala ya kumtuliza, anamsimulia habari za mbwa mwitu na mbweha wanaoiba watoto wa watu, wakawalea kama wanyama, wakawanywesha maziwa yao.

Alisoma hadi mwisho wa aya. Nikamuuliza ni nani anayesimulia. Khalil. Naye kafikaje pale? Kwa deni la baba yake. Anamsimulia nani? Yusuf, deni la baba yake. Na Amina, anayelelewa kama dada yake Khalil, alitoka wapi? Kijana alikuwa ameshamaliza kitabu kufikia hapo, kwa hiyo alijua: aliibwa na watekaji akiwa mdogo, baba wa Khalil akamwokoa, na hatimaye naye akaishia kwenye nyumba ileile, mke wa Aziz. Watoto wawili walioibwa wamelala kwenye baraza ya aliyewachukua, mmoja anamtisha mwenzake kwa hadithi ya watoto wanaoibwa, na wa tatu yuko ndani ya ukuta.

Kijana akanyamaza kitambo. Akasema, "Kwa hiyo limekuwepo tangu ukurasa ule."

Sikumwongezea neno. Ustadhi ndiye aliyesema kwamba huo mwisho, ambapo Yusuf anawaona mbwa wakila kinyesi kilichoachwa na askari kisha anakimbia kuwafuata askari haohao, sasa unamwelemea zaidi kuliko mwanzo. Mbwa wa usiku wa kwanza wamerudi, na safari hii ni mchana kweupe na hawamtishi. Anajiona ndani yao.

Kama ningeanza upya kisa hiki, ningebadilisha mambo mawili. Mwaliko wangu ungesema: riwaya ya mtoto aliyewekwa rehani. Ningeacha majini yajitokeze yenyewe. Na ningeweka simulizi la Selemani bin Mwenye Chande kwenye jioni ya kwanza, kabla ya riwaya, ili watu waone kwamba mzee wa mwaka 1901 aliweza kutaja mali iliyopotea na watu walioogopa katika sentensi moja, bila kubadilisha sauti. Pengine Desturi za Wasuaheli pia, kile cha 1903 chenye maneno ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, ambamo mambo ya pepo na uganga yanaelezwa kwa utulivu uleule wa mahari na mazishi. Msomaji akizoea utulivu huo hatangoja ngurumo.

Jambo moja nisingelibadilisha ni kusoma kwa sauti. Mtu akisoma kimya, neno washenzi linapita chini ya macho kama chombo usiku. Lilihitaji kupita kooni kwa mtu wa Kigoma ndipo sisi tulisikie.

Alhamisi iliyofuata tulikuwa na nakala 11 za kurasa za Selemani, zimetolewa fotokopi na kufungwa kwa uzi. Dada wa Kigoma alikuja amechelewa, akasema tumsubiri kwanza. Alikuwa amempigia mama yake simu akamrekodi. Akaweka simu katikati ya mkeka, sauti mpaka mwisho, na mama yule akaanza kusimulia kwa Kiha na Kiswahili vikichanganyika, kuku wakisikika nyuma yake, habari ya shangazi wa bibi yake aliyekwenda ziwani na mtungi na ukaonekana mtungi peke yake. Alisema waliulizana siku nyingi kama ni mamba au ni watu wa pwani. Kijana wa duka la simu akaomba arudishe nyuma. Tukaisikiliza mara 3, kisha Mama Mkunga akatandika fotokopi yake magotini, na Mwalimu akaanza kusoma.